Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone?

Wembley, Mei 1985. Fainali ya Challenge Cup, Wigan dhidi ya Hull, na uwanja umefurika mashabiki zaidi ya 90,000. Wigan wana Brett Kenny. Hull wana Peter Sterling. Wote wawili ni Waaustralia, na kwao Sydney wanachezea klabu moja, Parramatta. Wigan walishinda 28-24, na Kenny akatajwa mchezaji bora wa fainali. Mechi tamu, hakuna ubishi. Lakini swali likabaki: hii ni raga ya nani?

Tuelewane kwanza. Hii si raga ya saba ama ya 15 tuliyoizoea Nairobi. Ni ile ya wachezaji 13 kila upande, iliyozaliwa 1895 kwenye hoteli moja mjini Huddersfield, kaskazini mwa Uingereza. Wachezaji wengi huko walikuwa wachimba makaa na watu wa viwandani. Vilabu vyao vilitaka kuwafidia siku walizokosa kazini, wakubwa wa raga wakakataa, vilabu vikajitoa. Yaani tangu mwanzo ulikuwa mchezo wa mtaa, na pesa haikuwa siri.

Wageni nao hawakukawia. Timu kutoka New Zealand ilianza ziara mwaka wa 1907, na mmoja wao, Lance Todd, akasajiliwa na Wigan. Ile tuzo aliyobeba Kenny ina jina la Todd. Hebu ona: Mwaustralia anapewa tuzo yenye jina la mtu wa New Zealand, kwa kung'aa kwenye kombe la Waingereza! Baada ya Vita Vikuu vya Pili akatokea winga Brian Bevan, Mwaustralia mwembamba mwenye kipara, akafungia Warrington trai 740.

Wenye wasiwasi walikuwa pande zote mbili za bahari. Mara kadhaa uhamisho wa wachezaji kati ya nchi hizi ulipigwa marufuku, kisha ukaruhusiwa tena. Mlango ulifunguliwa 1983, na akina Kenny wakaingia.

Sasa mtu akikuambia ati wageni ndio waliua raga ya Uingereza, muulize kuhusu 1982. Mlango ulikuwa bado umefungwa. Australia wakazuru, wakashinda kila mechi, na ile ya kwanza dhidi ya timu ya taifa ikaisha 40-4. Ashes, mashindano ya nchi hizo mbili, Uingereza iliyashinda mara ya mwisho 1970. Kufunga mlango hakukumlea mtoto wa nyumbani.

Lakini tusidanganyane. Nafasi uwanjani ni 13 tu. Klabu ikiona kununua mgeni ni rahisi kuliko kulea, kuna kijana wa mtaa atakayezeekea kwa benchi. Ndiyo maana ligi ya sasa, Super League, huwekea vilabu kikomo cha wachezaji wa kigeni.

Rudi Wembley. Kwenye jezi ya Wigan siku hiyo kulikuwa pia na Shaun Edwards, umri miaka 18, mzaliwa wa Wigan. Alifunga trai, kama Kenny. Kenny akarudi kwao. Edwards akabaki, na kuanzia 1988 hadi 1995 Wigan wakabeba kombe hilo miaka minane mfululizo, naye akicheza kila fainali.

Leeds nao wakaja. Kevin Sinfield, Rob Burrow na Danny McGuire walilelewa na klabu, wakacheza bega kwa bega na wageni kama Kylie Leuluai wa New Zealand. Kati ya 2004 na 2015, Leeds wakatwaa ubingwa mara saba.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wigan na Leeds walimpa jembe, ila walihakikisha kuna kijana wao anayelima mstari wa kando. Klabu inayomsahau huyo kijana itavuna msimu mmoja, miwili. Halafu mgeni anafunga virago, na hakuna aliyebaki anayejua kushika mpini.