1974: Mwaka Mara Ilipohamishwa na Kuahidiwa Shule

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Musoma, chini ya uenyekiti wa Mwalimu Julius Nyerere. Mwenyekiti alikuwa nyumbani. Butiama haiko mbali, na Mwisenge, shule yake ya kwanza, iko mjini humohumo. Kikao kilitoa Azimio la Musoma, ambalo vitabu vyetu huliweka kwenye sura ya elimu na kuliacha humo. Lakini mwaka huohuo Operesheni Mara ilikuwa inawatoa watu wa mkoa kwenye miji yao iliyotawanyika na kuwapeleka kwenye vijiji vya pamoja, na mimi siwezi kuyatenganisha mambo haya mawili. Serikali iliyomwambia mzee wa Kabasa, mkoani humo, wapi ajenge ndiyo iliyomwahidi mjukuu wake dawati.

Uhamishaji huo haukuifanya Tanzania kuwa nchi ya kikomunisti. Machi 1974 Nyerere alikuwa China, na mafundi wa Kichina walikuwa wanajenga reli ya TAZARA. Hata hivyo mapambano ya matabaka hakuyakubali kuwa msingi wa siasa yake. Ujamaa aliueleza kwa undugu wa ukoo, watu kufanya kazi na kula pamoja. Tofauti hiyo ni ya kweli na inastahili kuheshimiwa. Ila kwa mwananchi aliyeambiwa avunje nyumba yake, chama kilikuwa kimoja, na aliyeleta amri ndiye huyohuyo ambaye angempelekea malalamiko.

Amri yenyewe ilitolewa Novemba 1973: kabla ya mwisho wa 1976, kila anayeishi shamba awe ndani ya kijiji. Miaka iliyotangulia watu walikuwa wameshawishiwa, na waliokubali hawakuwa wengi. Mwaka 1973 waliokuwa vijijini nchi nzima walikuwa kama milioni 2. Mwaka 1975 walifika milioni 9, na mwaka 1977 milioni 13. Idadi haiongezeki hivyo kwa hotuba. Yalitumika malori, mgambo na makatibu wa chama, na katika sehemu nyingi za nchi nyumba zilibomolewa au kuchomwa moto ili mwenyewe asirudi.

Mkoani Mara, wilaya za Bunda na Butiama zilikuwa bado hazijazaliwa. Walikuwapo Wazanaki, Waikizu, Wasizaki, Wajita na wenzao, na wengi waliishi kwa kutawanyika: mji wa mtu hapa na zizi la ng'ombe katikati, mji wa jirani kule, kati yao mtama, ulezi, mihogo na pamba. Kutawanyika huko kulikuwa na maana. Mifugo ilipata malisho bila kugombana na mashamba ya watu, udongo ulipumzika, na makaburi ya wazee yalikuwa pembeni mwa nyumba. Operesheni ilizipanga nyumba kwa mistari, aghalabu kando ya barabara, ili gari la serikali lifike. Shamba likabaki mbali. Ng'ombe wa ukoo mzima wakakanyaga majani ya eneo moja mpaka yakaisha. Nani aliyewauliza wafugaji? Waliopanga walihesabu kaya, wakasahau kuhesabu mifugo, na hilo kwa mkoa kama Mara lilikuwa kosa kubwa.

Na ulikuwa mwaka wa njaa. Mvua zilikuwa haba, bei ya mafuta duniani ilikuwa imepanda karibu mara nne, na fedha za kigeni zikaishia kwenye nafaka kutoka nje. Waliokuwapo wanaukumbuka unga wa mahindi ya njano, ambao watu waliuita unga wa Yanga. Serikali ikatangaza Kilimo cha Kufa na Kupona. Ukame ulikuwapo, hilo halina ubishi. Lakini mtu aliyehamishwa karibu na msimu wa kupanda, akiwa bado anatafuta fito na nyasi za kuezekea, angelima saa ngapi?

Katika hali hiyo ndipo wajumbe walipoketi Musoma. Elimu ya msingi kwa wote ilikuwa imepangwa ifikiwe 1989; wakaivuta hadi 1977. Uamuzi huo ulikuwa wa ujasiri mkubwa, na uliwezekana kwa sababu watoto sasa walikuwa wamekusanywa mahali pamoja. Shule haiwezi kuifuata miji iliyotawanyika juu ya vilima. Walimu hawakutosha, kwa hiyo vijana waliomaliza darasa la saba wakapewa madarasa wafundishe huku wakijifunza kazi: ndio walimu wa UPE, kifupi cha Kiingereza cha elimu hiyo ya msingi kwa wote. Wanafunzi wa shule za msingi, waliokuwa kama milioni 1.2 mwaka 1974, walikaribia milioni 3 miaka minne baadaye. Ubora ulishuka, naam. Lakini wanaowabeza walimu wale wakumbuke kwamba bila wao mamia ya maelfu ya watoto wasingeshika chaki kabisa.

Azimio liligusa na Chuo Kikuu. Kijana wa kidato cha sita alitakiwa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa, kisha afanye kazi miaka miwili na kupata mapendekezo ya mwajiri na chama. Idadi ya wasichana ikashuka haraka, wakasamehewa sharti hilo mwaka 1976. Kwa wavulana nalo likaja kuondolewa.

Nyerere mwenyewe, katika tathmini yake ya 1977 ya miaka kumi ya Azimio la Arusha, alikiri kwamba baadhi ya watu walitendewa vibaya wakati wa kuhamia vijijini, ingawa alikataa kwamba hiyo ndiyo ilikuwa picha ya jumla.

Ardhi haikusahau. Miaka ya 1980 watu wengi nchini walianza kurudi mahame, wengine wakakuta maeneo yao yamegawiwa watu wengine. Kesi zikajaa. Mwaka 1992 Bunge lilitunga sheria ya kufuta haki za kimila zilizokuwapo kabla ya operesheni; mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikaamua katika shauri la Lohay Akonaay kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, na kubatilisha baadhi ya vifungu vya sheria hiyo ya 1992. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikaja kuthibitisha ugawaji uliofanyika kati ya Januari 1970 na Desemba 1977. Kwa hiyo mtu anayedai mji wa babu yake leo, mbele ya baraza la kijiji, bado anapaswa kueleza nini kilifanyika mwaka 1974.