Gari Lisilouzwa

Wakubwa wa General Motors walisema wateja wa gari la umeme walikuwa wachache mno. Mimi nakataa. Mwaka 1990 jimbo la California liliamuru kwamba ifikapo 1998, asilimia 2 ya magari mapya ya makampuni makubwa yasitoe moshi kabisa. Ndipo mwishoni mwa 1996 GM ikaleta EV1, gari dogo la watu wawili, lisilonguruma. Lakini ajabu, msomaji: haliuzwi, linakodishwa tu! Yaliundwa 1,117. Amri ilipolegezwa, kampuni ikayadai yote na kuyasaga karibu yote.

Kweli, betri zake za mwanzo zilikuwa nzito na hazikufika mbali. Hilo silibishi. Lakini mwaka 2005 watu walikesha nje ya yadi kule Burbank, wakitaka kununua magari kama 78 yaliyobaki kwa dola milioni 1.9. Wakakataliwa. Sasa, hao si wateja ni nani?

Mwaka 2021 kampuni hiyohiyo ikatangaza lengo la kuachana na magari madogo ya moshi ifikapo 2035. Serikali ya Marekani ilipofuta nafuu ya kodi ya dola 7,500 Septemba 2025, GM ikapunguza mipango yake na kutangaza hasara ya dola bilioni 1.6. Sababu? Eti wateja watapungua.