UZI: Kwa nini bima ya afya humpita mkulima wa Meru na Embu

Kila msimu wa siasa swali hurudi: mbona wakulima na watu wa bodaboda "hawataki" kulipa bima ya afya? Kabla hujawaita wakaidi, hebu turudi nyuma kidogo.

NHIF iliundwa 1966 kwa ajili ya wenye mshahara wa shilingi 1,000 kwenda juu kwa mwezi. Walikatwa shilingi 20. Mwenye kahawa kule Runyenjes hakuwa na mwajiri wa kumkata, kwa hivyo hakuwemo. Mlango wa hiari ulifunguliwa 1972, lakini hapo ni wewe ujipeleke, ujiandikishe, ulipe. Mwajiriwa hakuulizwa hata, alikatwa tu. Tofauti hiyo iko mpaka leo.

Desemba 1989 serikali ikaanza kutoza ada hospitalini. Waliouza mbuzi ili mgonjwa atibiwe ni wale wale wasio na bima.

Kuna jaribio wengi wamelisahau. Hospitali ya Chogoria, ya kanisa la PCEA, iko kando ya barabara ya Embu kwenda Meru (siku hizi ni Tharaka-Nithi). Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilianzisha bima yake kwa watu wa eneo hilo. Ilibaki ndogo. Si ajabu: bima ya hiari huvutia kwanza anayejua ataugua, na hospitali moja haiwezi kubeba mzigo huo.

2004 Bunge likapitisha mswada wa bima ya kila Mkenya. Rais wa wakati huo hakuutia sahihi. 2015 ada ya wasio na ajira rasmi ikaruka kutoka 160 hadi 500 kwa mwezi.

Sasa tuna SHA, tangu Oktoba 2024. Asilimia 2.75 ya mapato, isipungue 300 kwa mwezi. Mwajiriwa hukatwa mwezi kwa mwezi. Asiyeajiriwa aliambiwa alipe mwaka mzima kwa pamoja, yaani 3,600 kwenda juu! Mwenye chai anaweza, bonasi ikiingia. Lakini kibarua anayemchumia? Na anayefunga miraa Maua, analipwa jioni na kununua unga jioni hiyo hiyo? Baadaye ukaja mkopo wa Lipa SHA Pole Pole: unakopa ndio ulipe bima.

Mimi ningeanza na viwanda vya chai na vyama vya kahawa, daftari zao zipo tayari. Wa miraa na bodaboda walipe kidogo kidogo kwa simu, maana 300 kwa mwezi ni kama shilingi 10 kwa siku. Asiyeweza hata hiyo alipiwe na kodi. Ni wangapi, na nani atawahesabu? Hapo ndipo ningependa tubishane.