Northern Dancer: farasi mfupi aliyekosa mnunuzi

Kila tunapozungumzia kuchagua fahali wa mbegu, swali la kwanza la wasikilizaji wetu huwa umbo: ana ukubwa gani? Wanunuzi wa farasi wa mbio nao huuliza hivyo hivyo, na ndiyo maana Northern Dancer alikosa mnunuzi.

Alizaliwa 27 Mei 1961 katika shamba la Windfields, Oshawa, nchini Kanada. Huko farasi wote wa mbio huongezewa umri 1 Januari, kwa hiyo aliyezaliwa Mei hushindana na wenzake waliomtangulia kwa miezi kadhaa. Mwenye shamba, E. P. Taylor, aliuza watoto wa farasi wa mwaka mmoja, kila mmoja na bei yake. Huyu alimwekea dola 25,000. Wateja walimtazama, wakaona kimo chake, wakapita. Taylor akabaki naye.

Mei 1964 alipelekwa Marekani kukimbia Kentucky Derby, mbio za kilomita 2 hivi. Bill Shoemaker, mpanda farasi maarufu aliyewahi kushinda naye, safari hii alichagua kumpanda Hill Rise, farasi mkubwa kuliko yeye. Bill Hartack akachukua nafasi yake. Northern Dancer alimpita Hill Rise kwa urefu wa shingo tu, akatumia dakika 2 kamili. Rekodi hiyo ilidumu hadi 1973. Alishinda pia Preakness, akawa wa tatu Belmont, akarudi Kanada na kushinda Queen's Plate. Kisha akaumia kano ya mguu na mbio zikaishia hapo: alikimbia mara 18, akashinda 14, na hakuwahi kukosa tatu bora.

Fedha kubwa zilikuja baadaye. Farasi wa aina hii hasajiliwi kama mimba ilitungwa kwa mrija, jinsi mtaalamu wa mifugo anavyofanya kwa ng'ombe wako. Lazima dume ampande jike mwenyewe. Mwaka 1965 ada yake ilikuwa dola 10,000 kwa jike mmoja. Katikati ya miaka ya 1980 ilikaribia dola milioni moja, tena bila dhamana ya mimba!

Walilipa kwa sababu ya watoto wake. Nijinsky alishinda mbio tatu kuu za Uingereza mwaka 1970, jambo ambalo hakuna farasi aliyelirudia. Lakini damu haina hakika. Mwaka 1983 Sheikh Mohammed wa Dubai alitoa dola milioni 10.2 kwa mtoto mwingine, Snaafi Dancer. Huyo hakukimbia hata mbio moja, na alipowekwa kwenye uzazi akapata watoto wanne tu.

Northern Dancer alikufa Novemba 1990 huko Maryland, akarudishwa Oshawa kuzikwa. Hakuzaa hata watoto 700, lakini wanawe, kama Sadler's Wells na Danzig, waliendelea kuzaa mabingwa. Frankel, aliyeshinda mbio zake zote 14, ni kitukuu wake.

Leo kumpata farasi wa mbio asiye na damu yake ni kazi. Mfugaji yeyote wa mbuzi anajua kinachofuata ndugu wanapopandana kizazi hadi kizazi. Mwaka 2020 wasajili wa farasi wa Marekani waliweka kikomo cha majike 140 kwa dume kwa mwaka. Baadhi ya wenye madume wakaenda mahakamani, na mwaka 2022 kanuni hiyo ikaondolewa.