Vita Baridi

Oktoba 1945, miezi miwili baada ya Hiroshima, George Orwell aliandika katika gazeti la London kuhusu "vita baridi": dola zenye bomu la atomiki hazitathubutu kushambuliana, wala hazitapatana. Wakati huo Wasovieti hawakuwa na bomu. La kwanza walililipua Agosti 1949. Walter Lippmann, mwandishi wa Marekani, akalieneza jina hilo kwa kitabu chake cha 1947.

Tafsiri yetu ya Kiswahili ya jina hilo haina kasoro. Kinachonikera ni hiyo "baridi", iliyopimwa Washington na Moscow tu. Korea, kati ya 1950 na 1953, waliuawa watu kwa mamilioni. Huko Kongo, Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza, aliuawa Januari 1961, Marekani na Wasovieti wakiivutania nchi yake.