Sikio Halina Spea

Likizo iliyopita mjukuu wangu mmoja alinijia hapa Nyasho akiwa na akiba yake aliyoipata kwa kufundisha tuisheni. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani akasema, "Babu, nataka kununua hedifoni nzuri. Mama anasema wewe ndiye mzee wa mambo hayo." Nilicheka, kwa sababu ni kweli. Tangu ujana wangu nimependa visikizi, yaani hivi vyombo vya kuvaa masikioni, kama wengine wanavyopenda bao au kuvua samaki kwa ndoano. Nilimwambia avute kiti. Niliyomweleza jioni ile ndiyo haya, nami nayaandika kwa faida ya kila anayeanza.

Jambo la kwanza alilopaswa kujua ni kwamba sisi hatukuzaliwa tukisikiliza peke yetu. Sauti ya Dar es Salaam ilianza matangazo mwaka 1951, mwaka niliozaliwa. Mwaka 1956 likawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam. Katika utoto wangu redio ilikuwa mali ya mtu mmoja, lakini taarifa ya habari ilikuwa ya mtaa mzima. Mwenye redio akiiweka dirishani, watu walikusanyika kama waliokuja kuota moto. Mwaka 1973, nikiwa mwalimu kijana, nilisimamia kikundi katika kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa majuma 12 watu wazima wapatao milioni 2 nchini kote walikaa katika vikundi kuzunguka redio, wakasikiliza kipindi, wakakijadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani kuzunguka nyumba zao. Katika kikundi changu mtu akikohoa, wote waligeuka kumtazama.

Kisikizi nilikijua kwa sababu ya njaa ya betri. Redio nyingi ndogo za transista zilikuja na kisikizi cha sikio moja, kimekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki. Wengi waliwapa watoto wakichezee. Ikaja Vita ya Kagera ya 1978 hadi 1979, na baada yake miaka ya uhaba. Sabuni, sukari na betri vilitafutwa kama dhahabu. Betri zilizochoka tulizianika juu ya bati ili zipate nguvu kidogo. Hapo ndipo nilipogundua kwamba mlaji mkubwa ni spika. Spika hutikisa hewa ya chumba kizima, ilhali kisikizi hutikisa hewa ya tundu la sikio tu, basi chakula chake ni kidogo. Betri ambazo spika ilikwisha kuzikataa ziliweza kuzungumza kisikizini kwa siku kadhaa zaidi. Kila jioni nilikitia sikioni na kuwasomea watu wa nyumbani taarifa ya habari, sentensi kwa sentensi. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akiniuliza, "Amesema hivyo kweli, au umeongeza lako?"

Baadaye nilisoma kwamba hata huko vilikotoka, visikizi vilianza kama vyombo vya kazi. Mmarekani Nathaniel Baldwin wa jimbo la Utah alitengeneza vyake jikoni kwake, na mwaka 1910 Jeshi la Wanamaji la Marekani likaanza kuvichukua kwa ajili ya waendesha mitambo ya redio. Ilichukua karibu nusu karne mpaka John Koss wa Milwaukee alipotoa, mwaka 1958, visikizi vya kustarehe kwa muziki wa stirio. Mwaka 1979 Wajapani wa Sony wakatoa Walkman, chombo cha kaseti cha kutembea nacho. Walkman ya kwanza ilikuwa na matundu mawili ya visikizi, na kitufe cha kupunguza muziki ili wasikilizaji wawili waweze kusemezana. Mkuu wa kampuni hiyo, Akio Morita, aliona kwamba mtu kusikiliza peke yake mbele ya wenzake ni utovu wa adabu. Lakini haikuchukua miaka mingi tundu la pili likatoweka. Wanunuzi hawakulidai.

Kwetu vyombo hivyo vilianza kuonekana kwa wingi baada ya mwaka 1984, Serikali iliporuhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe. Mwaka 1986 shemeji yangu alinijia kutoka Nairobi na redio kaseti pamoja na visikizi vyenye sponji za rangi ya machungwa. Nilikuwa na kanda ya litungu la Wakurya. Nilipoivaa sauti ile kwa mara ya kwanza nilishtuka. Nilisikia nyuzi nene zikivuma na kidole kikigusa uzi kabla haujalia, kana kwamba nimeketi mbele ya magoti ya mpigaji. Tangu siku ile nikawa mtumwa wa jambo hilo. Nyuma ya nyumba kulikuwa na mashine ya kusaga, nayo kila iliponguruma niliongeza sauti ili kuishinda. Sikujua kwamba nashindana na mashine kwa kutumia masikio yangu kama silaha.

Tarehe 14 Oktoba 1999 nilikuwa nimevaa visikizi Rais Mkapa alipotangaza kwamba Mwalimu Nyerere amefariki dunia London. Uani watu walikuwa wakichambua dagaa na kucheka. Kwa muda nilikuwa mtu pekee katika ua ule mwenye msiba. Sikuweza kuubeba. Nilichomoa waya, spika ikasema, na kicheko kikakatika. Siku 9 baadaye alizikwa kwao Butiama. Nilipata kuwaza siku zile kwamba kuna habari ambazo sikio la mtu mmoja halizitoshi, lakini wazo hilo halikunifanya nipunguze sauti.

Adhabu ilikuja mwaka 2003, tena haikunipata mimi kwanza. Nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu, nikaenda kukagua mazoezi ya kufundisha. Binti mmoja alikuwa akifundisha Kiswahili, darasa la pili. Niliandika kwamba hatofautishi s na f, kwamba anasema "faa" badala ya "saa" na "fita" badala ya "sita". Nikampunguzia alama nyingi. Mkufunzi mwenzangu tuliyekaa naye benchi la nyuma aliisoma karatasi yangu, akaniambia kwa adabu, "Mkuu, mbona ametamka sawasawa?" Nilikasirika. Jioni nilimwita yule binti ofisini asome orodha ya maneno mbele yangu. Safari hii nilitazama midomo yake. Kila mwalimu wa lugha anajua kwamba katika f mdomo wa chini hugusa meno ya juu, na katika s haugusi. Mdomo wake haukugusa meno hata mara moja. Macho yangu yaliona "saa", masikio yangu yalisikia "faa".

Nilimrudishia alama zake na kumwomba radhi. Akasema, "Asante, Mkuu," akabaki amesimama, kama asiyejua kama ameruhusiwa kuondoka. Nimekuwa nikijiuliza tangu siku ile ni wangapi niliowaandikia vibaya kabla yake ambao hawakuwa na mtu wa kuwatetea.

Hospitalini nilipimwa na kuelezwa. Ndani kabisa ya sikio mna seli ndogo zenye vinyweleo, takriban 15,000 kila upande, zinazogeuza mtikisiko kuwa habari ya ubongo. Kelele nyingi huziua, na kwa binadamu hazioti tena. Sauti za juu ndizo hutangulia kupotea, na s ni miongoni mwa hizo. Umri pia ulikuwa na sehemu yake, lakini miaka ya kushindana na ile mashine nayo ilidai deni lake. Mwashi akivunja koleo hununua jingine. Sikio halina spea.

Baada ya hayo ndipo nilipompa mjukuu wangu ushauri aliokuja kuutafuta.

Kwanza, ajue atasikilizia wapi kabla hajauliza bei. Kuna visikizi vilivyo wazi nyuma. Sauti yake ni pana na yenye hewa, lakini kelele za nje huingia na muziki wako hutoka nje. Kuna vilivyozibwa, hivyo huzuia kelele, na kwa hiyo hukupunguzia kishawishi cha kuongeza sauti. Anayekaa karibu na barabara ya bodaboda au mashine ya kusaga achukue vilivyozibwa.

Pili, avijaribu kwa muziki anaoujua kwa moyo. Asikubali wimbo wa muuzaji, kwa maana muuzaji huchagua ule unaoficha kasoro. Mimi hutumia litungu na sauti ya mtu anayezungumza. Uzi mnene ukivuma bila kummeza mwimbaji, na s ikitoka bila kuchoma, hapo pana kitu. Siku hizi namwazima kijana masikio yake kwa jaribio hilo la pili.

Tatu, avivae nusu saa nzima. Visikizi vinavyobana fuvu au kuumiza penye miwani vitaishia sandukuni hata vikisema kama malaika.

Nne, asikimbilie vya bei kubwa. Vipo vyenye ukinzani mkubwa, omu 250 au 300, ambavyo simu haviwezi kuvisukuma vizuri bila amplifaya. Aidha, visikizi bora haviponyi rekodi mbovu, bali huzidi kuianika. Na jina kubwa lililobandikwa kwenye chombo cha bei ya karanga ni uongo.

Tano, na hili nililirudia mara mbili: sauti iwe ndogo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi saa 40 kwa wiki katika kiwango cha desibeli 80; ikifika desibeli 90 zinabaki saa 4 tu. Asiye na kipimo atumie mwenzake. Aliye umbali wa mkono akisema kwa sauti ya kawaida nawe husikii, umezidisha. Ukivua visikizi masikio yakavuma, umekwisha kuonywa. Barabarani usivivae kabisa.

Mwisho nilimwambia kwamba sikio ni lako unaposikiliza muziki, lakini ni la wenzako wanapozungumza nawe. Yule binti hakuwa na haja na litungu langu. Alihitaji tu mtu wa kumsikia alivyosema.

Kijana alikwenda mjini, akarudi na visikizi vilivyozibwa vya bei ya wastani, akabakiwa na nauli. Alikaa barazani akasikiliza, nami nikamtazama bila kusema kitu. Bibi yake alimwita kutoka jikoni aende kuchota maji. Kabla hajaitwa mara ya pili alikuwa ameshavua visikizi na kusimama, akiitika, "Abee, bibi." Mimi sikuwa nimesikia akiitwa.