Fizi Kutoa Damu: Chanzo Kilijulikanaje?

Mwaka 1965 Harald Löe na wenzake nchini Denmark walichapisha jaribio la ajabu. Watu 12 wenye fizi nzima waliacha kupiga mswaki. Ukoga ulijikusanya, na baada ya siku 10 hadi 21 wote walivimba fizi. Walipoanza tena kusafisha meno, fizi zilipona kwa muda wa wiki moja hivi.

Basi ukiona damu, usiache mswaki. Sugua taratibu, asubuhi na usiku. Lakini wiki mbili zikipita bila nafuu, au ukiona usaha au jino linalegea, mwone daktari wa meno. Ikibidi atakutuma kwa mtaalamu wa fizi. Mfupa wa jino ukishaliwa, mswaki hauurudishi.